Ninunue hisa gani?

"Mwalimu, ninunue CRDB au NMB?" Hapa Mkwajuni naulizwa hivyo kila watu wakiuza mazao, au duara likitoa dhahabu. Najiuliza: nikijibu, nabeba nini?

Kwenye duara, mwenye duara na wachimbaji wake hugawana mifuko ya mawe. Mwamba ukipotea, wote wanalala njaa. Mshauri wa hisa hana mfuko pale. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa shilingi 850. Baadaye bei ikaporomoka, na waliowahimiza wenzao wanunue hawakudaiwa hata senti.

Lakini kunyamaza nako si usafi. DECI ilipopigwa marufuku mwaka 2009, wengi walishapanda "mbegu" zao kwa kusikia ya jirani. Aliyejua hesabu ile haifungi akakaa kimya (eti hayamhusu) naye ana la kujibu, pengine kuliko aliyeshawishi kwa ujinga.

Basi mimi husema nilichonunua mwenyewe, kwa bei gani, na kwamba ada ya watoto isiguswe. Wengi huondoka wamenuna. Walitaka jina la kampuni tu, tena moja.