Mchele Ulikuwapo

Siku moja katika miaka ya 1940, kabla India haijagawanywa, mtoto wa miaka kumi hivi alikuwa akicheza nje ya nyumba yao mjini Dhaka, mara akaingia getini mtu anayevuja damu. Alikuwa kibarua Mwislamu, amechomwa kisu mgongoni katika mtaa wa Wahindu, siku za ghasia za kidini. Mtoto alimpa maji. Baba wa mtoto akamkimbiza kibarua huyo hospitali, naye akafia huko. Kabla ya kukata roho alieleza kwamba mkewe alimsihi asiende mtaa ule. Alikwenda kutafuta kibarua kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula.

Mtoto huyo, Amartya Sen, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, na amekirudia kisa hicho mara nyingi anapoeleza uhuru ni nini. Je, aliyekwenda kwa miguu yake mwenyewe, huku akiijua hatari, alikwenda kwa hiari?

Swali hilo lingefaa kuwa la kwanza kabisa katika shahada ya falsafa, siasa na uchumi. Shahada hiyo ilianzishwa Oxford mwaka 1920, na leo hufundishwa katika vyuo vingi. Waliopita humo ni pamoja na mawaziri wakuu Harold Wilson, Edward Heath, David Cameron na Benazir Bhutto, basi wengi huiona kama ngazi ya kupandia madarakani. Lakini uzito wake uko mwaka wa kwanza, mwanafunzi anapolazimika kusoma yote matatu: mantiki na maadili, nadharia za utawala, kisha bei, soko na hesabu zake.

Shida ni kwamba masomo hayo hukaa kama majirani wasioamkiana. Mhadhiri wa uchumi huchora mistari miwili ubaoni, mmoja wa ugavi na mwingine wa mahitaji, na bei hutulia pale inapokatana. Msemaji wa Kiswahili ana la kushtuka hapo, kwa kuwa mahitaji ya ubaoni na mahitaji ya jikoni ni neno moja. Mama anayerudi kutoka sokoni na kapu tupu ana mahitaji tele. Ubaoni hana hata chembe, maana mstari ule huhesabu fedha, hauhesabu njaa. Anayeufundisha bila kusimama hapo amekwisha kuamua jambo la kimaadili, na wanafunzi hawakuliona likiamuliwa.

Jimbo la Bengal, huko India, lililipa gharama ya jambo hilo mwaka 1943, lilipopigwa na baa la njaa. Makadirio ya waliokufa huanzia milioni 1.5 hadi zaidi ya milioni 3. Katika kitabu chake cha 1981, Sen alikadiria kwamba chakula kilichokuwapo mwaka ule kilipungua kwa asilimia 5 hivi tu chini ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na kilizidi kile cha 1941, mwaka ambao haukuwa na baa la njaa. Mchele ulikuwapo. Fedha za Vita vya Pili vya Dunia zilimiminika Calcutta, mji mkuu wa jimbo, bei ikapaa, walanguzi wakaficha magunia, na ujira wa vibarua wa mashambani ukaachwa nyuma. Serikali ya kikoloni, ikiwahofia Wajapani waliokwisha kuiteka Burma, ilikuwa imetwaa au kuharibu mashua ambazo wavuvi waliishi kwazo. Wapo wataalamu wanaosema ugonjwa wa mpunga wa 1942 uliharibu mavuno kuliko takwimu hizo zinavyokiri; mabishano hayo yenyewe ni darasa zuri la kupima ushahidi.

Jimbo hilohilo huwakutanisha waandishi ambao mwanafunzi husomeshwa mbalimbali. Adam Smith, aliyewahi kuwa profesa wa falsafa ya maadili huko Glasgow, aliandika mwaka 1776 kwamba vizuizi ambavyo watumishi wa Kampuni ya India Mashariki, iliyoitawala Bengal wakati huo, waliiwekea biashara ya mchele huenda vilichangia kuugeuza uhaba wa zama zake huko Bengal kuwa njaa. John Stuart Mill, ambaye hoja zake kuhusu furaha ya walio wengi husomwa Oxford mwaka wa kwanza, aliajiriwa na kampuni hiyohiyo tangu 1823 hadi 1858. Mwaka 1859 alichapisha utetezi wake mashuhuri wa uhuru, na humo humo akawatenga watu wa jamii alizoziona hazijakomaa. Mwanafunzi anayepewa hoja za Mill bila kuambiwa alikula mshahara wa nani amenyimwa nusu ya somo.

Siasa nayo iliingia kwa mlango wa gazeti. Agosti 1943, *The Statesman* la Calcutta, lililokuwa mali ya Waingereza, lilichapisha picha za watu waliokuwa wakifa njaa barabarani, wakati wakubwa walikuwa bado wanakwepa kulitaja janga kwa jina lake. Oktoba aliwasili Wavell, mtawala mpya wa India, akaamuru jeshi lisafirishe chakula hadi vijijini. Mavuno ya mwisho wa mwaka yalikuwa mazuri sana. Watu waliendelea kufa kwa malaria na ndui hadi ndani ya 1944.