Nasaba Yatafutwa kwa Nia Gani?



Watu wengi wa mwambao wanatafuta habari za wazee wao. Ni jambo jema, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha tuijue nasaba yetu kwa kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Lakini watafutaji hawafanani, na kila mmoja hukiona kile alichokwenda kukitafuta.

Wa kwanza ana shajara ukutani. Ndani yake mna majina ya wanaume watupu, fulani bin fulani, mpaka Hadhramaut, Omani au Shirazi. Muulize mama zao walikuwa nani: hana jibu, wala hakupata kuuliza.

Wa pili huamini karatasi. Huenda kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam au Zanzibar, akapata tarehe na saini. Lakini karatasi iliandikwa na mwenye amri. Mtumwa alitiwa humo kwa jina alilopewa na bwana wake, si lile alilopewa na mamaye.

Wa tatu hupeleka mate yake maabara ya ng'ambo, akaletewa hesabu ya sehemu kwa mia. Hesabu hiyo humtajia bara. Haimwonyeshi mlango wa kubisha hodi.

Wa nne hushika neno moja la bibi yake, akalifuata. Tuseme neno hilo ni jina Namwinga. Unguja au Mombasa halitambui mtu. Lakini lifikishe Kamsamba, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, huko bonde la Rukwa, na utaambiwa maana yake. Kwa Wanyamwanga, mwanamume wa ukoo huo huitwa Simwinga na mwanamke Namwinga. Silabi ya kwanza yataja mume au mke. Iliyobaki yataja ukoo. Basi bibi aliyedhaniwa hana kwao, kwao alikuwa amekubeba katika jina.

Jina la huko lingefikaje pwani? Katika karne ya 19 misafara yetu ilifika mpaka nchi za Ziwa Tanganyika. Tippu Tip alimpiga Nsama wa Itabwa mwaka 1867, na habari hizo amezieleza mwenyewe. Misafara ilirudi na pembe, ilirudi na watu pia. Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar mwaka 1873. Hali yenyewe ya utumwa haikuondolewa kisheria mpaka 1897 huko Zanzibar, na 1922 Tanganyika. Si zamani hivyo.

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu 80 kutoka makaburi ya kale, yakiwemo ya Mtwapa, Manda na Kilwa. Walikuta damu ya Uajemi iliyoingia tokea karibu mwaka 1000, zaidi kwa upande wa baba. Na upande wa mama karibu wote ni Afrika. Kumbe shajara ya ukutani haikusema uongo. Ilisema nusu.

Hapa atasimama mtu aseme: wazee walinyamaza, na Uislamu umetuamrisha kusitiri, kwa nini tufukue? Swali hili lina uzito, tusilipuuze. Bibi alinyamaza ili wajukuu wasitukanwe barazani, na hiyo ilikuwa huruma yake. Lakini tupambanue. Kinachositiriwa ni dhambi ya mtu. Kutekwa si dhambi ya aliyetekwa. Aibu ni ya aliyemteka. Mtoto wa suria, katika sheria yetu, ni huru na hurithi sawa na ndugu zake. Sayyid Barghash mwenyewe mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Na Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba aliyecheleweshwa na amali yake, nasaba haitamkimbiza.

Basi, msomaji, ukitafuta, anza kwa mama. Waulize wazee faraghani, kwa adabu. Anayekataa kusema usimlazimishe. Ukiona babu yako alikuwa mwenye msafara, lipokee hilo kama unavyopokea sifa zake. Na ukipata jina la Kamsamba, usiliweke kabatini. Nenda, utoe salamu, ujue wagonjwa wao na mazishi yao. Nasaba ikikuongezea majivuno tu, hujaipata bado. Ikikuongezea ndugu wa kuwatembelea, umeipata.