Kweli Isiyojibu Swali

Nilipokuwa chuo cha ualimu Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilianza mwaka 1994. Siku hizi pale hotelini kwetu Shinyanga tunawatazama viongozi wakihojiwa huku tunakunywa chai, na kila mnywaji ni hakimu.

Juzi mwanasiasa mmoja aliulizwa swali fupi, akajibu kwa habari ndefu za barabara na visima. Mtangazaji akarudia swali, naye akarudia visima. Nilicheka sana, nikasema, "Huyu ningempa sifuri."

Jioni mzee jirani alikuja kuniuliza kama ng'ombe wangu wameingia ngitili kabla ya siku ya kufunguliwa. Majani hayo huachwa yakue wakati wa masika ili yawe malisho ya kiangazi. Tangu Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ilipoanza mwaka 1986, ngitili nyingi zimefufuliwa, na migunga imeota palipokuwa peupe. Basi nikamweleza mzee uchache wa mvua, uvivu wa vijana wa kuchunga, na miche niliyopanda shuleni zamani. Yote kweli tupu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa, Mwalimu. Lakini waliingia?"

Darasani nilifundisha kwamba uongo ni kusema lisilokuwapo. Je, mtu akitaja kweli kumi ili aifiche ile moja aliyoulizwa, tumwiteje? Mimi sikuwa na kamera mbele yangu, wala kura ya kuogopa, ila faini tu.

Waliingia, siku mbili. Faini nimelipa.