Nani Ashike Jembe Mfereji Ukiziba?

Mfereji ni mmoja, wakulima ni kumi. Maji huanzia shamba la juu, yakashuka kwa wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho bondeni. Siku tope likijaa chini ya shamba la yule wa kwanza, naye anadaiwa jembe? Kwake maji yanafika kama kawaida.

Swali hili liliwagawa wanazuoni wa sheria ya Kiislamu huko Iraki katika karne ya 8. Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, alisema kazi ya kuzibua ianzie juu na wote washiriki, lakini kila ikilipita shamba la mtu, huyo kamaliza wajibu wake. Alichotaka ni kumwagilia, na amekipata. Hana deni la kumtengenezea jirani. Wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, hawakukubali. Kwao gharama ni ya wote, toka mwanzo wa mfereji hadi mwisho, kila mtu kwa kadiri ya fungu lake. Hoja yao ni ya watu wanaoyajua matope: mwenye shamba la juu anaihitaji njia ya chini, kwani maji yakimzidi atayatolea wapi?

Hoja ya mwalimu imenyooka, tena haina unafiki. Lakini ifuate mpaka mwisho uone: mtu wa bondeni, ambaye maji humfikia kwa taabu kuliko wote, ndiye anayebaki peke yake kwenye kipande cha mwisho.

Lipo kundi ambalo halikudaiwa kitu: wenye kiu. Msafiri anayechota kwa kiganja, mama mwenye ndoo, punda. Al-Hidaya, kitabu cha sheria cha al-Marghinani aliyefariki mwaka 1197, kinatoa sababu kavu kabisa: watu hao hawahesabiki. Utaanzia wapi kumwandikia bili kila mwenye koo?

Oman wamelijenga jambo hilo kwa mawe. Falaji, mfereji unaoleta maji kwa mteremko kutoka chini ya ardhi au mabondeni, hutoa kwanza maji ya kunywa, ya kuoga na ya msikiti, ndipo mashamba yapate zamu zao. Falaji zipatazo 3,000 bado zinatiririka, na tano kati yake, ikiwemo Daris ya Nizwa, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kuhusu matengenezo, mafungu mengine ya maji ni wakfu, na mengine ni mali ya falaji yenyewe. Hukodishwa kwa mnada, na fedha zake hurekebisha mfereji. Yaani mfereji una kipato chake, unajilipia fundi. Mwanafalsafa atauliza kitu kisicho na roho kinamilikije mali. Wakili wa falaji, yaani msimamizi wake, atamfungulia daftari la hesabu.

Fedha zikiwepo, bado kuna kukagua. Fundi huteremka kwenye visima vilivyochimbwa juu ya handaki, akatafuta paa lililoporomoka, mizizi iliyopenya na mchanga uliotuama. Kubwa zaidi, ajue amesimama wapi. Sehemu ya ndani kabisa hukusanya maji yanayojipenyeza ukutani; inayofuata huyasafirisha tu. Ukiisakafia saruji ile ya kusafirisha, unaokoa maji. Ukiisakafia ile ya kukusanya, umeziba chemchemi kwa pesa za wakfu.

Kwenye mifongo, mifereji ya jadi ya Wachaga huko Kilimanjaro, ubishi wa Abu Hanifa na wanafunzi wake ulimalizwa kwa jembe: wenye zamu walitoka kwenda kuzibua, na asiyefika alitozwa faini. Leo Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, yenye vibali na ada, na wenye vihamba, mashamba ya ukoo, wengi wanaishi mijini. Mmoja wao akituma pesa kwa simu ili kibarua ashike jembe badala yake, kwa Abu Yusuf amelipa fungu lake. Ila siku ya mfongo ilikuwa pia siku ya ukaguzi. Wenye mali wakiwa kazini waliona wenyewe banio limelegea wapi, ukingo upi unavuja, na nani amejichimbia mchepuko wa usiku. Kibarua aliyelipwa azibue kipande chake hana sababu ya kuuliza hayo.