Mwenzi Si Chombo

Mwezi Mei 1935, William Wilson, wakala wa hisa kutoka New York, alisimama peke yake katika ukumbi wa hoteli mjini Akron, Ohio. Shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imekwama, na baa haikuwa mbali. Alikuwa amekaa takriban miezi mitano bila kunywa. Alimpigia simu mchungaji, si ili aombewe, bali aelekezwe kwa mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akafikishwa kwa daktari wa upasuaji, Robert Smith, aliyekubali kumpa robo saa tu. Mazungumzo yakachukua saa kadhaa, na katika mazungumzo hayo ikachipuka jumuiya ya Alcoholics Anonymous.

Kisa hiki kinaibua swali la kimaadili ambalo aghalabu hupitwa. Wilson hakwenda kumwokoa Smith, alikwenda kujiokoa. Immanuel Kant alifundisha kwamba binadamu asifanywe chombo tu cha kutimizia lengo la mwingine. Je, daktari yule hakufanywa mkongojo?

Jibu la kwanza limo katika haja yenyewe. Anayekuja na mawaidha husimama juu ya anayeyapokea. Anayekuja na haja humwachia mwenyeji heshima ya kuwa na kitu cha kutoa, na mraibu ni mtu aliyekwisha kunyimwa heshima hiyo, hata na nafsi yake. Hata hivyo, jibu hili halitoshi. Kuhitajiana peke yake kwaweza kuwa biashara ya nipe nikupe, na biashara hufungwa pale mmoja anapofilisika.

Mtihani wa kweli ulikuja wiki chache baadaye. Smith alikwenda kwenye mkutano wa madaktari huko Atlantic City, akarudi amelewa. Chombo kikivunjika hutupwa. Wilson hakuondoka, alikaa naye, akamuuguza hadi akaweza kurudi kazini. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho Juni 1935, akaishi bila pombe hadi alipofariki mwaka 1950.

Hatua kumi na mbili zilizotokana na jumuiya hiyo zimefika mbali. Tangu mwaka 2009 zinafuatwa Zanzibar katika nyumba za upataji nafuu, ambako waliowahi kutumia unga huwaongoza wanaoanza kuuacha. Aliyepitia arosto hahitaji kusimuliwa usiku wake ulivyo mrefu. Lakini huko nako swali la Akron halikwepeki: afanyweje aliyerudia unga? Nyumba ina haki ya kuogopa, kwani anaweza kuuingiza ndani na kuwaangusha wengine. Kumwondoa kitandani kwa muda kunaweza kuwa wajibu. Kumwondoa katika hesabu ya wenzake ni jambo jingine kabisa. Ni kukiri kwamba alithaminiwa kwa manufaa yake tu.

Ustahimilivu, basi, haupimwi kwa ugumu wa mtu mmoja, wala kwa idadi ya siku alizohesabu. Hupimwa kwa namna kundi linavyompokea asiye na siku hata moja ya kuhesabu. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Hawakusema lifanyweje figa linapopasuka. Anayeharakisha kulitupa amesahau kwamba yeye naye ni jiwe la jiko hilohilo, na moto ni ule ule.