Mwenye Redio na Maneno ya Wengine

Vipindi vya wasikilizaji kupiga simu redioni na kutoa maoni vimekuwa vingi, na mimi nasema ni jambo jema. Lakini lipo swali ambalo hatupendi kuliuliza: anayewafungulia watu mlango wa kusema, anawajibika kwa kiasi gani kwa yale yanayosemwa?

Wapo wanaojibu kwamba kila mtu abebe mzigo wa ulimi wake. Jibu hilo halitoshi. Redio RTLM ya Kigali, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ilipendwa kwa muziki wake, mizaha yake na mazungumzo yake na wananchi. Mwaka 1994 ikawa inachochea mauaji. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wake, alihukumiwa Arusha mwaka 2003. Katika rufaa ya 2007 kifungo chake kilipunguzwa kuwa miaka 30, lakini hatia ya uchochezi ilibaki. Si kwa maneno aliyoyatamka yeye, bali kwa kutowazuia watangazaji waliokuwa chini yake.

Je, dawa ni kufunga milango? La hasha. Redio ya mkubwa mmoja anayesema peke yake nayo ni hatari, kwani haipingwi hata inapokosea.

Njia ya tatu tuliwahi kuionja. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikutana vikundi vikundi kusikiliza redio. Kipindi kilipokwisha walijadiliana, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Kasoro ilikuwa moja: redio ilisema, lakini haikuwasikia.

Leo simu imeondoa kasoro hiyo, ila tumepoteza kikundi. Anayepiga simu hupewa dakika moja, hulaumu, simu hukatwa, wimbo hupigwa. Hakuna aliyemjibu.

Basi kipindi cha kesho kiwe na masharti machache. Anayetaka kupinga aeleze kwanza hoja ya mwenzake kwa namna ambayo mwenzake ataikubali. Anayetukana kabila au dini ya watu asimamishwe papo hapo, na aambiwe sababu. Tatizo lililotajwa leo lirudiwe baada ya mwezi, na mhusika aulizwe amefanya nini.

Wengine watasema kipindi cha namna hiyo kitapooza, na matangazo ya biashara yatapungua. Huenda. Lakini aliyekaribisha wageni barazani hawezi kusema ugomvi wao haumhusu.