Kijahazi Dirishani

Babu yangu alikuwa fundi wa vyombo Matondoni. Mchana alishika tezo kwenye majahazi ya watu. Baina ya Alasiri na Magharibi aliketi barazani akichonga kijahazi kwa mabaki ya mbao. Hakikupungua kitu: mkuku, mataruma, mlingoti ulioinamia mbele, foromali, na tanga la amerikani alilolishona bibi. Kimoja kilimchukua wiki tatu. Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, nilikipaka sifa, yale mafuta ya papa, na harufu yake nikaingia nayo darasani. Kikauzwa mjini kwa shilingi 800.

Siku moja nikatumwa Lamu mjini, nikaenda na punda wa jirani. Nikakiona kijahazi chetu kwenye dirisha la duka. Nilikijua kwa doa la sifa nililolidondosha kwenye tanga. Mlangoni nikavua ndara, na hakuna aliyeniambia nivue. Hilo nalikumbuka kuliko hata bei. Bei ilikuwa shilingi 6,000.

Nilikuwa mtu mzima niliposoma "The Lesson", hadithi fupi ya Toni Cade Bambara, Mmarekani mweusi, iliyomo katika mkusanyiko wake wa 1972, *Gorilla, My Love*. Bi Moore anawachukua watoto wa mtaa wa kimaskini New York hadi duka la vitu vya kuchezea, F.A.O. Schwarz. Dirishani wanakuta mashua ya kuchezea ya dola 1,195. Sylvia, anayetusimulia, yake ilimgharimu senti hamsini hivi. Anapofika mlangoni anashikwa na haya, asijue ni haya ya nini. Hapo nikaacha kusoma, nikatazama miguu yangu.

Baadaye mwenzake, Sugar, anasema wao wote pamoja kwa mwaka mzima hawali chakula cha thamani ya mashua ile. Sylvia anamkanyaga mguu anyamaze. Bambara haelezi kwa nini, na ndiyo maana naipenda hadithi hii: Bi Moore anauliza tu, jibu linabaki kumchoma mtoto.

Matondoni sikujijua kuwa maskini. Sote tulivaa ndara za aina moja, tukala samaki wale wale. Nilijijua pale mlangoni, kwa hesabu: wiki tatu za mikono ya babu, shilingi 800, kukiweka dirishani, 5,200. Mwenye duka alikuwa na kodi na watoto wake, na hata siku ile sikumwona mwizi. Lakini babu hakuijua bei ya dirishani, nami niliporudi sikumwambia. Niliogopa kumwona akipiga hesabu ile. Nilijikanyaga mguu mwenyewe, na babu akafariki hajaijua. Najuta hadi leo.

Walimu wa Lamu, hadithi hii ya Bambara inasomeka kwa kipindi kimoja. Ifasirini. Wapelekeni watoto ufukweni jahazi linapokalafatiwa, wamuulize fundi amefanya kazi siku ngapi na amelipwa nini, waandike madaftarini. Kisha wapelekeni mjini wakayatazame madirisha, na waingie ndani na ndara zao miguuni.